Siku Mtani Aliponisalimia kwa Adabu

Ninaandika nikiwa mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwaka jana, nilipokuwa natafuta maandiko ya watu waliopitia niliyokuwa napitia, niliruka kurasa zote hadi ya mwisho ili nione kama mwandishi alinusurika, na nilipomkuta amenusurika ndipo nilipopata nguvu ya kurudi mwanzo. Basi wewe usisumbuke kuruka. Nipo, nakula, naenda kazini, na ndani ya ini langu kuna uvimbe wenye ukubwa wa ndimu ambao haujaondolewa wala hautaondolewa. Namna mtu anavyoweza kuandika sentensi kama hiyo huku moyo ukimdunda kwa furaha ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Naitwa Kabula. Nimevuka arobaini, nina mume na watoto watatu. Chuo kikuu nilisomea misitu na nyuki, na kazi yangu ni kuwashauri wafugaji wa nyuki katika vijiji vinavyoizunguka Tabora. Ni kazi ya kutembea, ya kungoja na ya kutazama kwa makini bila kugusa, na kwa miaka mingi nilidhani imenifundisha subira. Ugonjwa ulinionyesha kwamba subira niliyokuwa nayo ilikuwa ya kusubiri asali tu.

Ilikuwa kiangazi, majira ya kurina asali. Nilikuwa nimerudi kutoka Kwihara, kwenye mizinga ya kikundi kimoja cha akina mama, nikiwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyokuwa yakija na kuondoka tangu miezi ya mvua. Nilikuwa nimeyapa jina mwenyewe: vidonda vya tumbo. Kwetu kila mtu ana vidonda vya tumbo mpaka athibitishiwe vinginevyo. Daktari aliyeniona hakuridhika na jina hilo, akaniandikia ultrasaundi.

Dada aliyenipima alikuwa mchangamfu. Aliponipaka ile jeli baridi tumboni alitaka kujua kama asali ya mwaka huo ilikuwa nyingi, na kama ni kweli kwamba ile nyeusi ndiyo dawa zaidi. Nikaanza kumweleza. Katikati ya maelezo nikagundua kwamba naongea peke yangu. Kifaa kilikuwa kimesimama chini ya mbavu zangu. Kikaondoka, kikarudi palepale, kikabonyeza. Akaniambia nivute pumzi niishike. Akamwita mwenzake. Wakasimama wawili wakitazama kioo, nami nikawatazama wao, nikijaribu kusoma usoni mwao kile ambacho kioo kilikuwa kinawaambia. Karatasi niliyopewa ilisema kuna uvimbe kwenye ini, upande wa kulia, na kwamba uchunguzi zaidi unahitajika.

Kwa mtu mwingine maneno hayo huenda yangekuwa swali. Kwangu yalikuwa jibu. Baba yangu aliondoka kwa maneno hayohayo nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Nilirudi likizo nikamkuta macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa kama ngoma, miguu imebaki fimbo. Kaka yangu Maganga ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa nje kuota jua. Tangu siku hizo, katika ukoo wetu neno ini halitamkwi mezani hata kama kilichopikwa ni maini.

Nilimwambia mume wangu, Deo, siku ileile. Alitoka nje akaanza kufunga upya waya wa banda la kuku, banda ambalo halikuwa na tatizo lolote. Wiki zilizofuata aligeuka mtu wa kunihudumia mno. Alikuwa ananiwekea maji ya kuoga, ananichukulia mkoba, na usiku analala pembezoni kabisa mwa kitanda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaogopa kunigusa, asije akaubonyeza. Nilipomuuliza alikiri, tukacheka, kisha tukalia, kisha akasogea karibu. Wewe unayeuguza mwenza, nakuomba usogee. Uvimbe hauvunjiki kwa kukumbatiwa.

Mwili nao ulianza kunisaliti kwa namna yake. Nilikonda. Sketi za kazini zilihitaji pini. Kila asubuhi nilisimama dirishani na kioo kidogo, nikivuta ukope wa chini kutafuta rangi ya manjano, na kuna asubuhi nilizoiona kabisa, halafu jua likipanda inatoweka. Leo najua nilikonda kwa sababu nilikuwa siingizi chakula kinywani, hofu imekaa pale ambapo ugali ungepita. Lakini waliokuja kunitazama hawakuijua hofu yangu. Walizijua zile pini. Walinitazama kiunoni, wakatazamana, wakaniambia nimependeza.

Vipimo vya damu vilifuata, na pamoja na vipimo hivyo, mabenchi. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali kiasi cha kutofautisha la mbao linalobana mapaja na la chuma linalokupa baridi asubuhi na kukuunguza mchana. Nikajifunza desturi zake. Ukikaa, unamsalimia jirani yako na kumuuliza ametoka wapi, humuulizi anaumwa nini. Hilo atalisema mwenyewe ukimpa nafasi. Mama mmoja kutoka Sikonge, ambaye sikupata hata kulijua jina lake, alinimegea tobolwa lake, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa kikakaushwa, bila kuuliza kama nina njaa, na ndicho chakula cha kwanza nilichokila kikaisha. Rehema za namna hii ni ndogo sana, lakini nakuambia zinaponya kitu.

Majibu yalipotoka, tulikaa mimi na Deo mbele ya daktari wa magonjwa ya ndani, mwanamke wa rika langu mwenye sauti ya chini. Alianza kuniuliza maswali, na kila swali lilinishtua, maana niliona kama anahesabu makosa yangu. Nakunywa pombe? Sinywi. Nimewahi kuongezewa damu? Hapana. Nina watoto wangapi? Watatu. Natumia njia gani ya uzazi wa mpango? Vidonge, nikamjibu, tangu mtoto wa mwisho alipoacha kunyonya, na sasa yupo sekondari. Akaandika. Baba yangu alikunywa? Hapana. Alipimwa virusi vya homa ya ini? Hatukuambiwa kamwe. Nikasubiri hukumu.

Akaweka kalamu chini. "Dada Kabula, nisikilize vizuri. Ule uvimbe mbaya mara nyingi huota kwenye ini ambalo limeshachoka, limeliwa na virusi au pombe kwa miaka mingi. Wewe huna virusi. Pombe hunywi. Ini lako lote lililobaki liko salama. Wewe ni mwanamke, una umri huu, umezaa, umetumia vidonge. Sasa kuna uvimbe mwingine kwenye ini, wa aina mbili tatu, usio na shari. Na huo unawapenda watu wa namna yako."

"Unawapenda wanawake?" Deo akauliza.

"Kuliko wanaume, tena sana. Wengi huzeeka nao na kufa kwa mambo mengine, hawajui hata kama walikuwa nao."

"Basi nao umechagua vizuri," Deo akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumsikia akitania.

Sijui kama naweza kukueleza ule msisimko. Yote niliyokuwa nimejibu kwa woga, umri wangu, uzazi wangu, vidonge vyangu, yaligeuka kuwa mashahidi wa kunitetea. Daktari hakutoa ahadi. Alisema aina mojawapo hunenepeshwa na vidonge, kwa hiyo niviache mpaka tujue ni aina ipi, na kwamba cha kutuambia ukweli ni CT scan ya kuchomwa dawa kwenye mshipa, huko Mwanza, mashine inayopiga picha wakati dawa inapita ndani ya ini. Na akasisitiza kitu kimoja zaidi ya vyote: kabla ya picha hizo, mtu yeyote asinichome sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa. Kama uvimbe ule ni kifundo cha mishipa ya damu, kama alivyokuwa anashuku, sindano inaweza kuufanya uvuje damu ndani kwa ndani.

Nilitoka pale nikitaka kupiga mbio kwenye korido. Sikujua kwamba kazi kubwa ilikuwa inaningoja nyumbani.

Kaka yangu Maganga ni mfanyabiashara wa mpunga huko Bukene, kituo cha reli kwenye njia ya Mwanza. Ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki yeye ndiye baba. Alikuwa amekwisha kuzungumza na kliniki moja iliyokuwa tayari kunichukua kinyama mara moja, na kama ni kibaya, nikapasuliwe haraka. Nilipomweleza maneno ya daktari, hakunisikiliza hata nusu. Kwake kungoja picha kulikuwa ni kungoja kaburi. Alisema baba naye aliambiwa asubiri, tukamsubirisha, na tulipomaliza kusubiri hakukuwa na baba. Na hilo lilikuwa kweli. Alikata simu, na Jumapili iliyofuata akaja Tabora na kuitisha kikao cha ukoo kwenye sebule yangu.

Hapa inanibidi nimtambulishe Kibwana. Ni Mzaramo, fundi cherehani wa Isevya, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara akaoa hapa akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Wazee wetu hutuambia kwamba utani huo ulizaliwa njiani: mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mizigo ya misafara akifia pwani, Mzaramo alimzika, Mzaramo akifia bara, tulimzika sisi, na waliozikana hawawezi kuoneana haya. Hadi leo mtani ndiye mwenye haki ya kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa, kulala kwenye mwanandani wa kaburi akidai alipwe, kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, hata waliao wacheke. Kwa mtani sina shikamoo, ingawa Kibwana angeweza kunizaa. Kila nilipopita mbele ya cherehani yake aliuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, tangu lini mpagazi akatembea kichwa kitupu, na mimi nikamjibu kwamba bila mabega ya babu yangu yeye angezaliwa Kisarawe. Tumetukanana hivyo kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Alinishonea hata gauni la ubatizo wa binti yangu akiwa ananitukana.

Jumapili ile nilipoingia sebuleni na chupa ya chai nilimkuta Kibwana ameketi kwenye kona, kofia mkononi. Nilifurahi. Nikajua angalau leo kuna mtu atakayeniambia nimekonda kama ufito. Akainuka. Akainamisha kichwa.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Pole na kuugua. Mungu akufanyie wepesi."

Chupa ya chai niliiweka mezani bila kummiminia mtu. Nimesoma karatasi za vipimo, nimekaa mbele ya madaktari, nimejitazama kwenye kioo. Hakuna kilichonitisha kama adabu ya mtu yule. Mtani haachi matusi kwa sababu ya ugonjwa. Huyaacha kidogo tu, anapoyaweka akiba ya msiba. Nikamtazama Maganga, naye akatazama chini, na hapo nikaelewa yote: kaka yangu alikuwa amemwita mtani ajiandae.

"Kibwana," nikamwambia, "nitukane."

"Mwanangu, leo tuongee ya maana."

"Nitukane, au utoke nyumbani kwangu."

Alifungua mdomo, akaufunga. Midomo ilimcheza. Baadaye aliniambia kwamba hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyotafuta tusi akalikosa. Hapo nikapata sauti ambayo sikujua kama ninayo. Niliwaambia kwamba nimewasikiliza wote tangu kiangazi, sasa wanisikilize. Sina virusi vilivyokula ini. Ini langu halijachoka. Mimi si baba. Kama nina ugonjwa wa baba, mashine ya Mwanza itasema, na siku hiyo nitamkabidhi kaka mwili wangu autibu atakavyo. Lakini sindano hainigusi kabla ya picha, na mtu asinizike kabla ya kufa.

Maganga alisimama. "Nilimbeba baba kwa mikono hii," akasema. "Wewe ulikuwa chuo. Sitaki kubeba tena."

Hakungoja chai. Alirudi Bukene bila kuniaga, na shangazi mmoja akasema elimu imeniharibu. Kibwana aliondoka wa mwisho, akageuka mlangoni kama mwenye neno, akaenda zake nalo.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki tuliyosafiri. Mimi na Deo tulipanda treni ya Mwanza, na kwa mtu anayengojea hukumu hakuna usafiri mzuri kama treni: huwezi kuiharakisha, huwezi kushuka, na nje ya dirisha miombo imeanza kutoa majani yale mekundu kama damu changa. Nilianza kumwonyesha Deo miti ambayo nyuki wataifuata. Nilipojisikia nikieleza nilishangaa. Nilikuwa nazungumzia asali ya mwaka unaofuata.

Treni ilipopunguza mwendo kuingia Bukene nilijizuia kutazama nje. Deo ndiye aliyenigusa bega. Kwenye jukwaa, katikati ya wauza karanga na mahindi, alikuwepo Maganga amevaa koti la sikukuu, begi begani, kuku wa kukaanga kwenye gazeti. Alipanda behewa letu, akaketi mkabala nami, akamkabidhi Deo kuku. Hakuomba radhi wala sikumdai. Baada ya vituo viwili aliniuliza kama hiyo mashine inauma.

Haiumi. Naliandika hili kwa ajili yako unayeogopa. Unalala kwenye kitanda chembamba kinachoingia na kutoka katika duara kubwa kama tairi la trekta. Dawa inapoingia mshipani, joto linakupanda kooni, unapata ladha ya chuma mdomoni, kisha joto linashuka hadi unaapa kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Waliniambia mapema, na bado nilihangaika na shuka. Sauti ndani ya mashine inakuamuru uvute pumzi, uishike, uiachie. Wanapiga picha, wanangoja, wanapiga tena, wanangoja zaidi, wanapiga tena. Huko kungoja ndiko nilikokuja kukupenda kuliko yote, na sababu utaiona.

Siku ya majibu tulikaa watatu mbele ya daktari bingwa wa picha, mzee mpole mwenye miwani iliyoshuka puani. Alitugeuzia kompyuta. Katika picha ya kwanza uvimbe ulikuwa doa jeusi, na nikahisi mkono wa Maganga ukishika kiti changu. Katika ya pili kingo za lile doa zilikuwa zimewaka vipande vipande, kama moto wa kuchoma shamba unapoanzia pembeni. Katika ya tatu mwanga ulikuwa umeingia ndani zaidi. Katika ya mwisho, iliyopigwa baada ya kungoja sana, doa lote lilikuwa limejaa mwanga.

"Unaona linavyojaa taratibu kutoka pembeni kwenda kati?" akasema. "Saratani haifanyi hivi. Hii inaitwa hemanjioma. Ni mishipa midogo ya damu iliyojikunja pamoja. Pengine umekuwa nayo tangu ujana."

Nilimwomba arudie picha zote tangu mwanzo. Akarudia. Nikamwomba tena. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kwenye kioo chochote. Deo alikuwa anacheka bila sauti huku machozi yakimshuka kwenye ndevu.

Maganga ndiye aliyebaki na uso mkavu. "Kwa hiyo tunaitoa lini?"

"Hatuitoi."

"Dawa yake ni ipi?"

"Haina dawa. Haihitaji."

"Daktari, mtu ana uvimbe kwenye ini, unamrudisha nao nyumbani?"

"Namrudisha nao nyumbani, mzee wangu. Apimwe tena baada ya miezi kadhaa tuone haujakua, basi. Yale maumivu mengi ni ya tumbo na mawazo, tutampa dawa. Huu uacheni ulale."

Kaka yangu alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Kisha akatoka. Tulipomfuata koridoni alikuwa ameuegemea ukuta, simu sikioni, anaongea na Kibwana. Nilimsikia akisema, kwa sauti rasmi ya mtu anayefuta mkutano, kwamba ile shughuli imeahirishwa. Simu ilikuwa inatoa sauti kubwa, na jibu tulilisikia sote, na wagonjwa wa benchi zima pamoja nasi: mwambie huyo mpagazi ni mwizi, nimeshakata sanda kwa kipimo chake, sasa nitamvalisha nani kipande kifupi kile? Akaendelea. Aliutukana ukoo wetu kuanzia msafara wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikaa kwenye sakafu ya hospitali nikacheka hadi mbavu zile za kulia zikauma, na kwa mara ya kwanza maumivu yake hayakunitisha.

Kabla hatujaondoka, daktari alisema jambo ambalo nawasihi wote mlioondokewa na mzazi kwa ini mlisikie. Baba huenda aliuawa na virusi, na virusi hivyo hupita katika familia. Maganga alipimwa siku ileile, akiwa bado amekunja mkono mmoja wa shati kama anayekwenda vitani, akakutwa salama, akaanza chanjo. Wadogo zetu walifuata baada ya Krismasi. Miaka yote tuliogopa kulitaja ini, na kumbe lililohitajika lilikuwa tone la damu.

Nilirudi Tabora wakati wa uyoga, akina mama wakiuuza kwenye beseni kando ya barabara, na nikaanza kula. Pini zilitoka kwenye sketi moja baada ya nyingine. Wengine wote walifurahi kwa namna zao. Mama yangu hakufurahi.

Mama anaishi Kwihara, kwenye shamba letu. Kwenye kikao hakuja. Wakati wote wa ugonjwa alikuwa akituma michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kwa mtu yeyote anayekuja mjini, bila salamu wala swali. Nilipokwenda kumweleza habari za Mwanza alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula, akarudi jikoni. Nilimfuata. Ndipo akaniambia, bila kuacha kupepeta mchele, kwamba baba naye aliletewa habari njema. Mara ya kwanza waliambiwa ni malaria sugu. Mara ya pili wakaambiwa ni vidonda vya tumbo, wakafanya na sherehe, wakachinja mbuzi. Habari njema anazijua, akasema; huja zimevaa vizuri.

Sikumbishia. Msimu wote wa mvua nilikwenda kwake kila kazi iliponipeleka upande ule, naye kila mara alinishika kidevu, akanielekeza kwenye mwanga, akanitazama macho. Mahindi yalichanua, yakakauka. Karatasi za Mwanza nilimwachia; alizitundika ukutani kwa heshima, bila kuziamini.

Mvua zilipokatika, siku yangu ya kupimwa tena ilifika. Safari hii sikumchukua Deo wala Maganga. Nilimpitia mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani na hakuniuliza tunakwenda wapi. Tulikaa benchini bega kwa bega, akisalimiana na kila aliyepita, akiwauliza walikotoka.

Nilimwomba mpimaji anigeuzie kioo, na amruhusu mama aingie. Akakubali. Nikalala, jeli ikanipa baridi, kifaa kikapita chini ya mbavu, kikasimama. Hakunyamaza huyu, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba ukubwa ni uleule, haujasogea hata kidogo, kingo zake nzuri. Nikasikia damu ikinipanda masikioni kwa furaha. Lakini nilikuwa namtazama mama. Alikuwa amesogea hadi pua yake inakaribia kioo. Miaka yote aliyomuuguza baba, hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kitu. Aliambiwa tu.

"Ndicho hiki?" akauliza.

"Ndicho, bibi. Hiki cheupe."

"Mbona kidogo hivi."

Akakitazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa na ameshaketi. Kisha akakisemesha, kwa Kinyamwezi, bila kupandisha sauti: akakiambia kikae, kwa kuwa kimekwisha kukaa, lakini kisile cha mtu na kisilete ndugu zake. Mpimaji alinitazama nimfasirie.

Mama alivuta ncha ya kitenge chake, akanifuta ile jeli tumboni kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mtoto, kwa nguvu, hadi ngozi ikawaka.

"Haya, inuka uvae," akasema. "Mtu asiyeumwa halali mchana."